Geti Lililohama

Nyie mliokuwa mkinisimamisha njiani wiki nzima, "Mama Futi kaona nini kule shuleni?", haya, shusheni pumzi. Mama Futi hakuona kitu. Na hapo ndipo mwili ulipomsisimka.

Tulimwacha na gurudumu lake la kupimia, lile la mpini mrefu, analisukuma kutoka mlango wa lililokuwa duka la vitambaa, ambalo yule mfanyabiashara wanayemwita Mpole anataka kuligeuza nyumba ya kamari katikati ya mji. Alifika mita tisini na mbili. Akainua macho atazame geti la shule.

Geti halikuwepo. Palikuwa na ukuta. Mama Futi akaweka kiganja, kikarudi na vumbi la rangi mpya.

"Mlinzi!" akaita. "We mlinzi!"

Mlinzi wa shule akachomoza kichwa kwenye kona, mdomo umejaa mkate.

"Geti liko wapi?"

"Limehama, mama."

"Geti linahama? Lina miguu?"

"Limehama Jumamosi. Siku hizi tunapita nyuma, upande wa mafundi viatu. Geti jipya la chuma, msaada wa mfadhili."

"Mfadhili gani?"

"Mama, mimi nimepewa ufunguo. Jina sikupewa."

Mama Futi hakubishana naye. Alilisukuma gurudumu lake, akakata kona ya kinyozi, akapita duka la vipuri, akakata kona ya pili, akawapita mafundi viatu waliokuwa wakimtazama kama mtu aliyepoteza mtoto. Akafika kwenye geti jipya, akainama kusoma namba.

Mita mia mbili na kumi na moja.

Msomaji mgeni, nisikilize kidogo. Kanuni ya mji ule ilikuwa moja tu: nyumba ya kamari isiwe chini ya mita mia mbili kutoka mlango wowote wa shule, kwa njia ya miguu. Ikiwa chini ya hapo hairuhusiwi, ila mwalimu mkuu aridhie kwa maandishi. Mwalimu mkuu huyu alishasema ataridhia siku samaki watakapopanda ngazi. Sasa mtu alikuwa amelihamisha geti lenyewe, na kanuni haijaguswa hata herufi.

Kamati ya mipango miji ilikuwa inakaa siku ileile saa nane mchana. Saa ya Mama Futi ilisema saa nne na robo.

Alirudi manispaa nusu akikimbia. Miaka kumi na tisa alikuwa afisa mipango miji pale, na hilo jina la Futi walimpa wafanyabiashara, wakimsema kwamba hapokei hata soda na akikupimia ukuta anahesabu mpaka unene wa rangi. Wengine walilitamka kwa heshima na wengine kwa kusonya.

"Mzee, nipe faili la geti la shule," alimwambia mzee wa masjala.

Mzee alilichomoa upesi mno, bila kulitafuta, akaliweka mezani taratibu.

"Nilijua utakuja," akasema. "Lakini usinitolee macho mimi. Saini ni yako."

"Yangu?"

"Fungua uone."

Alifungua. Ombi la kuhamisha geti, ujenzi mdogo. Chini, kwa wino wa bluu, saini yake mwenyewe, na haikuwa ya kughushi.

Hapa ndugu zangu sitamtetea. Ofisini kwao maombi ya ujenzi mdogo yalipangwa rundo moja, yakipitishwa kila Ijumaa baada ya chai. Uzio, choo, kibaraza, geti. Hakuna aliyekwenda kuangalia. Mama Futi, ambaye kwa jengo kubwa angepanda mpaka juu ya bati, kwa geti alikaa kitini akasaini. Mpole alilijua rundo la Ijumaa kama anavyojua mfuko wa shati lake.

"Nimekwisha," akanong'ona.

"Soma mpaka mwisho," mzee akamwambia. "Unajisifu macho makali, soma."

Chini ya saini palikuwa na mstari mmoja, mwandiko wake uleule: Imekubaliwa, kwa sharti kwamba mlango wa dharura wa ukuta wa mbele ubaki mahali pake.

Mama Futi akavuta ramani. Mlango wa dharura ulikuwepo pale, umechorwa vizuri, hatua tatu kutoka geti la zamani. Mlango wowote wa shule, ndivyo kanuni ilivyosema. Kutoka mlango ule mpaka nyumba ya kamari ni mita themanini na tisa!

"Ameumia!" akapiga meza. "Mzee, Mpole ameumia! Kahamisha geti, kasahau mlango wa dharura!"

Mzee hakucheka. "Umetoka pale sasa hivi, mwanangu. Huo mlango umeuona?"

Kicheko kikamkauka mdomoni. Kiganja chake kilikuwa bado na rangi. Alikuwa ameutazama ukuta ule mwanzo mpaka mwisho, na mlango haukuwepo.

Mtu alikuwa ameujengea. Shule ya watoto mia sita, na njia yao ya kukimbilia likitokea la kutokea imezibwa kwa tofali na saruji. Hilo ni kosa, na kosa hilo kwa sheria halina mjadala wa nani wa kulibeba. Analibeba mwalimu mkuu, hata kama tofali hakulishika yeye.

Na mwalimu mkuu, kwa wale mliokosa toleo la kwanza, ni dada yake Mama Futi. Tumbo moja, ziwa moja. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na minane na Mama Futi ana saba. Dada ndiye aliyemsuka nywele, akamfundisha kusoma, akamsimamia mpaka akaolewa.

Saa tano alikuwa ofisini kwa dada yake, mlango wameufunga.

"Dada, nani kaziba mlango wa dharura?"

Mwalimu mkuu akavua miwani. "Mlango upi?"

"Wa mbele. Umezibwa."

"Acha utani."

"Nina uso wa utani mimi leo?"

Dada alirudisha miwani. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaisoma kama anaiona mara ya kwanza.

"Nilikuwa kwenye mkutano wa wakuu wa shule siku tatu," akasema polepole. "Naibu wangu ndiye aliyewasimamia mafundi. Jumatatu akaniletea hii karatasi, kazi imekamilika, saini hapa mkuu. Nikasaini."

"Bila kuzunguka?"

"Nina madarasa kumi na nane, mdogo wangu! Alisema kila kitu kiko sawa. Na mfadhili alisema ni kwa usalama, watoto wasitokee barabara ya magari. Nikasema alhamdulillahi, kuna watu wana utu bado."

Wakatazamana. Walikuwa wameangushwa na kosa moja, mmoja Ijumaa na mwingine Jumatatu, na kila mmoja alilijua la mwenzake bila kuambiwa.

"Leo saa nane nasoma vipimo mbele ya kamati," Mama Futi akasema.

"Utasema nini?"

"Nikisema mia mbili na kumi na moja, anafungua. Nikisema themanini na tisa, wataniuliza huo mlango uko wapi."

Dada akanyanyuka, akaenda dirishani. Nje ilikuwa mapumziko, watoto wanapiga kelele za kutoboa sikio. Mjini pale kila mtu alikuwa amekwisha kuona yaliyotokea mtaa wa pili kamari ilipofunguliwa. Duka la madaftari lilifungwa, fundi cherehani akahama, na vijana wa sare walikuwa wanaingia kwenye mashine mkoba mgongoni, wanatoka jioni macho mekundu. Wawili hawajarudi darasani mpaka leo. Dada ndiye aliyewafuata nyumbani kwao, na ndiye aliyeandika pingamizi.

"Nimebakiza miezi minne nistaafu," akasema, mgongo bado ameugeuza. "Miaka thelathini na tano, sina hata barua moja ya onyo. Nipe siku moja tu. Kesho asubuhi naleta fundi, naubomoa, mlango unarudi. Wewe leo sema hujamaliza kupima."

"Dada, nisipoleta vipimo leo, ombi linapita lenyewe. Siku zake zimeisha."

"Basi..." Sauti ikakatika. Mwanamke yule, ambaye shule nzima ilikuwa inanyooka akikohoa tu, akageuka na machozi usoni. "Basi sijui nikuombe nini."

Mama Futi alimkumbatia. Hakumwahidi kitu, na dada yake akaelewa.

Saa nane kasoro dakika kumi, ngazi za manispaa. Na nani huyo anayeshuka kumpokea, shati jeupe, sauti ya chini kama ya mtu aliye msibani?

"Pole na jua, mama," akasema Mpole. "Nimesikia umezunguka sana leo."

"Nipishe."

"Nakupisha. Nina neno moja tu." Akasogea karibu, ananukia sabuni. "Ukiingia humo ndani, sema ukweli wote. Usimwonee mtu haya, hata awe nani. Mimi naheshimu watu wakweli."

Mama Futi akamtazama kuanzia miguu hadi kichwani. Kwa miaka yake yote kazini, watu wa namna hii walikuwa wanamshika mkono wakimsihi anyamaze. Huyu alikuwa anamsihi aseme. Alitaka kumuuliza kwa nini, lakini kengele ya kamati ilikuwa inalia na miguu ikampeleka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mbele walikaa wajumbe, Mwenyekiti katikati na afisa elimu wa manispaa kulia kwake. Kwenye mabenchi walikaa wafanyabiashara wa mtaa, Mpole, na nyuma kabisa mwalimu mkuu. Naibu wake, mwalimu wa hesabu mwenye tai fupi, hakukaa naye. Alikaa benchi moja na Mpole, na bahasha iko mapajani.

"Mpima," akasema Mwenyekiti, "tupe umbali. Kwa ufupi, tuna mengi."

Mama Futi akasimama. Ulimi ulikuwa mzito kama si wake.

"Kutoka geti jipya la shule, mita mia mbili na kumi na moja."

Mabenchi yakaguna. Mpole hakutikisika.

"Kwa hiyo linapita," akasema mjumbe mmoja.

"Halipiti. Kanuni inasema mlango wowote. Ukuta wa mbele una mlango wa dharura, uko kwenye ramani mliyonayo. Kutoka hapo ni mita themanini na tisa. Ombi hili linakataliwa kwa kanuni."

Watu wakapiga makofi. Fundi viatu mmoja akapiga na mluzi. Ungekuwepo ungesema hadithi imeishia hapo, watu warudi makwao.

Afisa elimu akainua kalamu. "Samahani. Nilipita pale juzi. Mlango wa dharura mbona sikuuona?"

Makofi yakafa.

"Umezibwa," akasema Mama Futi.

"Umezibwa na nani?"

Mama Futi hakutaka kulitaja jina. Aliitazama ile meza, akaitazama kalamu, akatazama kila kitu ukumbini isipokuwa benchi la nyuma.

"Mpima, umeulizwa. Nani kisheria anawajibika na mlango ule?"

"Mwalimu mkuu."

"Na ndiye aliyesaini kwamba kazi imekamilika?"

"Ndiye." Kisha, kwa kuwa hakuweza kulibeba hilo peke yake kifuani, akaongeza, "Ni dada yangu. Hakujua. Naapa hakujua. Waulizeni waliosimamia ujenzi."

"Wataulizwa," akasema afisa elimu, na tayari alikuwa anaandika. "Kwanza usalama wa watoto. Mwalimu mkuu amesimamishwa kuanzia dakika hii. Akabidhi funguo. Naibu atakaimu."

Mwalimu mkuu akainuka. Alitembea kati ya mabenchi, viatu vinasikika kimoja kimoja, akaweka fungu la funguo mkononi kwa naibu wake. Alipopita mbele ya mdogo wake alisimama kidogo.

"Umepima vizuri," akasema. Hakupandisha sauti wala hakumtukana, na heri angemtukana.

Lakini ombi limekufa, alijiambia. Angalau watoto wamepona. Dada atamwelewa siku moja.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema naibu, "kwa mamlaka niliyopewa sasa hivi, naomba kuwasilisha barua."

Akaifungua bahasha. Barua ilikuwa imechapwa, imepigwa mhuri.

"Shule inaondoa pingamizi lake," akasoma, "na inaridhia kwa maandishi nyumba hiyo ya burudani ifunguliwe katika umbali wowote."

Lo! Ukumbi ukalipuka. Wafanyabiashara wakasimama juu ya mabenchi, mmoja akimwita naibu jina ambalo mhariri wangu amelifuta. Mama Futi akaipanga kichwani. Ridhaa ya mwalimu mkuu, kwa maandishi. Mwalimu mkuu asiyeridhia ameondolewa, na aliyemwondoa ni yeye, kwa mdomo wake.

Geti halikuwa na kazi nyingine zaidi ya kumleta yeye mpaka pale. Walijua atazunguka na gurudumu, atauona ukuta, atauona mstari wake wa bluu, na atasema. Walimtegea ukweli wake mwenyewe. Aligeuka, akamkuta Mpole anamtazama kwa huruma, kama anampa pole.

"Utaratibu," Mwenyekiti akagonga meza. "Mpima aihakiki barua, kisha tupige kura. Upesi."

Naibu akamkabidhi. Hakumtazama usoni, maana hata mwizi moyo anao.

Mama Futi akaisoma mara moja. Akarudia.

Sasa, kila aliyewahi kupeleka barua ofisi ya serikali anajua: unakwenda na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea mhuri wa kupokelewa, unaondoka nayo iwe ushahidi wako. Naibu, kwa haraka na woga, alikuwa ametoa bahashani ile ya pili.

Chini ya saini, "Kaimu Mwalimu Mkuu". Na chini ya hapo, mhuri wa duara, wino wa zambarau.

"Mheshimiwa," akasema Mama Futi, na safari hii sauti ilitoka ikiwa nzima, "naibu amekaimishwa leo, dakika tano zilizopita. Barua hii imeandikwa jana, na jana hiyohiyo ameandika cheo cha kaimu."

"Makosa ya uchapaji," akasema Mwenyekiti.

"Na mhuri nao? Nausoma. Imepokelewa jana, saa tisa alasiri. Ofisi ya Mwenye..."

"Karani!" Mwenyekiti alikuwa amesimama. "Zima kinasa sauti!"

Karani akazima.

"Wananchi watoke nje. Wote. Kamati inakaa faragha. Mpima abaki, na karatasi hiyo ibaki."

Askari wawili wa manispaa wakaanza kuwasukuma watu. Mabenchi yakaanguka, mtu akalia kwamba amekanyagwa. Afisa elimu alimgeukia Mwenyekiti, rangi imemtoka. "Mheshimiwa, mhuri wa ofisi yako?" Askari mmoja akamshika kiwiko kwa adabu, akamtoa naye pia.

Mama Futi aliikunja barua mara nne, akaisokomeza kifuani ndani ya blauzi.

Mlango ukafungwa, ufunguo ukazungushwa kwa ndani. Ndipo alipohesabu waliobaki, akaona wajumbe wanatazama meza zao, Mwenyekiti anafuta jasho, na Mpole hajainuka kitini.

Nje mtu alianza kuupiga mlango kwa viganja viwili, kwa nguvu za kuuvunja. Sauti yake Mama Futi aliijua tangu ana miaka saba.

"Fungueni! Fungueni nawaambia! Huyo ni mdogo wangu!"

Mpole akaja taratibu mpaka alipo, akanyoosha mkono.

"Barua, mama," akasema.